Mto ni wa Nani Kabla ya Hesabu Kuanza?

 

Ndugu msomaji, kama umepitia hesabu za mwaka wa kwanza, uwe wa uchumi, uhandisi au sayansi ya mazingira, bila shaka umekutana na zoezi hili. Kiwanda kinamwaga uchafu mtoni. Gharama ya kuondoa asilimia x ya uchafu huo inafuata fomula uliyopewa. Tafuta gharama ya kuondoa nusu ya uchafu, kisha asilimia 80, kisha 95. Swali la mwisho huwa hili: je, kiwanda kinaweza kuondoa uchafu wote? Mwanafunzi anajibu kwamba hakiwezi, kwa sababu chini ya mstari wa kugawanya panabaki sifuri. Anapata alama zake mbili na kufunga daftari.

Naomba tulifungue tena daftari hilo, kwa sababu zoezi hili lina jambo ambalo mwalimu wa hesabu hana wajibu wa kulieleza, lakini Muislamu ana wajibu wa kuliuliza. Nalo si kwamba hesabu ni baridi na dini ina huruma. Maneno hayo yamesemwa sana na hayatufikishi popote. Hesabu yenyewe, ukiifuata mpaka mwisho, inakuonyesha kwa kidole mahali ambapo swali la haki limekaa.

Tuchukue mfano wetu wenyewe. Tuseme kuna machinjio kando ya mto. Nimechagua machinjio kwa makusudi. Hapa Uganda kazi ya kuchinja imekuwa mikononi mwa Waislamu kwa miaka mingi, na nyama inayouzwa sokoni, hata mlaji awe wa dini gani, mara nyingi imepitia kisu cha ndugu yetu aliyetaja jina la Allah. Kwa hiyo hatuzungumzii kiwanda cha watu wengine. Tuseme gharama ya kusafisha maji yanayotoka machinjioni, kwa mamilioni ya shilingi kwa mwaka, ni

G = 10x ÷ (100 − x)

ambapo x ni asilimia ya uchafu unaoondolewa. Namba 10 nimeiweka mimi ili hesabu iwe nyepesi. Umbo la fomula ndilo linalofundishwa vitabuni.

Weka x = 50, utapata milioni 10. Weka 80, utapata milioni 40. Kwa 90 ni milioni 90, kwa 95 ni milioni 190, na kwa 99 ni milioni 990. Asilimia 50 za kwanza zinagharimu milioni 10 tu, lakini kutoka 95 hadi 99, yaani asilimia 4 peke yake, unalipa milioni 800. Mchoro wake unapanda polepole, kisha unasimama wima kama ukuta, ukiukaribia mstari wa 100 bila kuugusa kamwe.

Je, hali halisi iko hivyo? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Uchafu mzito kuliko wote machinjioni ni damu. Wahandisi hupima uchafu wa maji kwa kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu vitahitaji ili kuumaliza, na damu mbichi huhitaji zaidi ya miligramu 100,000 kwa lita. Kanuni za Uganda za 1999 kuhusu majitaka yanayoingia mtoni au ardhini ziliweka kikomo cha miligramu 50. Sasa fikiria: kukinga damu kwenye chombo isiingie mferejini kunahitaji nini? Ndoo, pipa, mteremko mzuri wa sakafu na mtu wa kusimamia. Kuchota samadi ya matumboni kwa koleo badala ya kuisukuma kwa mpira wa maji kunahitaji nini? Koleo. Hizo ndizo asilimia za kwanza, na ni rahisi kweli. Baada ya hapo unahitaji wavu wa kuchuja, kisha tangi la kutulizia mafuta, kisha mabwawa ambamo vijidudu vinafanya kazi kwa siku nyingi, kisha mashine za kupuliza hewa zinazokula umeme usiku na mchana. Kila hatua inafukuza uchafu mwembamba kuliko ule wa hatua iliyotangulia, kwa bei kubwa zaidi.

Hapo wengine wetu, hasa wenye hamasa, husema: kama ni uchafu basi uondolewe wote, haramu haina asilimia. Naelewa kinachowasukuma, lakini fiqhi yetu haikusema hivyo. Wanazuoni waliojadili maji yaliyoingiwa na najisi walitazama wingi wa maji, na walitazama rangi, ladha na harufu. Hawakumtaka mtu athibitishe kwamba hakuna hata chembe iliyobaki. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia lilipoulizwa kuhusu majitaka yaliyosafishwa kwa mitambo ya kisasa, lilijibu kwamba yakirudi katika hali yake ya asili bila alama ya najisi katika rangi, ladha wala harufu, yanatoharisha. Kuyanywa ni jambo jingine, linalotazamwa kwa upande wa afya. Nayo Majalla, mkusanyo wa sheria uliotungwa katika Dola ya Uthmania kati ya 1869 na 1876, ina kanuni inayotaka madhara yazuiwe kadiri inavyowezekana. Hiyo kadiri ni neno la mtu anayejua kwamba mchoro una ukuta.

Basi tukubali kwamba kitu fulani kitabaki. Swali linalofuata ni kibaki kiasi gani, na hapa ndipo wachumi wanapoingia na adhabu na ruzuku zao.

Tuseme wanaoishi chini ya mto wanapata hasara ya shilingi milioni 10 kwa mwaka kwa kila asilimia 1 ya uchafu inayobaki: samaki wamekimbia, watoto wanaumwa matumbo, maji ya kunywa yanatafutwa mbali. Uchafu ukibaki wote, hasara yao ni milioni 1,000. Arthur Pigou, mchumi wa Cambridge, katika kitabu chake cha 1920, alishauri njia ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake: mtoze mchafuzi kiasi kilekile cha hasara anayowatia wengine. Kwa hiyo machinjio yatalipa milioni 10 kwa kila asilimia inayobaki. Mwenye machinjio atapiga hesabu. Akisafisha asilimia 85, anatumia karibu milioni 57 kusafisha na anatozwa milioni 150, jumla 207. Akisafisha 95, anatumia 190 na kutozwa 50, jumla 240. Akisafisha 90, anatumia 90 na kutozwa 100, jumla 190. Hakuna namba nyingine itakayompa nafuu kuliko hiyo. Atasimama kwenye 90.

Sasa tugeuze. Badala ya kumtoza, serikali impe ruzuku: milioni 10 kwa kila asilimia anayoiondoa. Piga hesabu tena. Akiondoa 85, anapokea 850 na kutumia 57, anabaki na 793. Akiondoa 95, anapokea 950 na kutumia 190, anabaki na 760. Akiondoa 90, anapokea 900 na kutumia 90, anabaki na 810. Atasimama wapi? Kwenye 90. Palepale.

Mto una usafi uleule. Samaki ni walewale. Mkaguzi akija na chupa yake ya kupimia hataona tofauti. Ndiyo maana mtihani unaweza kukuuliza juu ya njia moja au nyingine, na x ikatoka ileile, na mwalimu akaandika vema. Aliyesoma kalkulasi ataiona sababu mara moja. Ukiandika mzigo wa mwenye machinjio katika njia ya kwanza, na ukauandika katika njia ya pili, fomula mbili zinatofautiana kwa namba moja tu, milioni 1,000, isiyokuwa na x ndani yake. Na tumefundishwa wote kwamba unapotafuta mteremko, namba isiyobadilika inakuwa sifuri. Unaifuta na kuendelea.

Mimi nasema haki imekaa ndani ya namba hiyo tunayoifuta.

Tazama watu wa chini ya mto. Katika njia ya kwanza bado wanapata hasara ya milioni 100 kwa ile asilimia 10 iliyobaki, lakini machinjio yametozwa milioni 100, na fedha hiyo ikiwafikia, wamelipwa walichodhurika. Katika njia ya pili, ruzuku ya milioni 900 imetoka kwenye kodi. Kama kodi hiyo ni yao, wamelipa 900 na bado wana hasara ya 100. Jumla ni milioni 1,000, sawasawa na hasara waliyokuwa nayo kabla hata tone moja halijasafishwa! Mto umesafika, na wao hawajapata nafuu ya hata shilingi moja. Faida yote ya kusafisha, milioni 810, imeingia mfukoni mwa aliyekuwa akichafua. Amelipwa kwa sababu ya uchafu wake, na kama asingekuwa mchafu tangu mwanzo asingepata kitu.

Mwaka 1960 Ronald Coase, aliyekuja kupata tuzo ya Nobeli mwaka 1991, aliandika kwamba madhara ya namna hii yana pande mbili: kumzuia mchafuzi nako ni kumtia hasara. Akaonyesha kwamba kama watu wangeweza kupatana bila gharama yoyote, wangefika kwenye matumizi yaleyale ya mto hata haki ya mto ingekuwa ya nani. Yeye mwenyewe alisisitiza kwamba kupatana kuna gharama, jambo ambalo wengi wanaomtaja hulisahau. Lakini hata ukimpa Coase yote aliyoyadai, umebaki na swali ambalo hesabu yake haikukusudia kulijibu: haki ya mto ilikuwa ya nani kabla ya mapatano? Kwake yeye swali hilo linagusa mgawanyo wa mali tu. Kwetu sisi ndilo la kwanza.

Na sisi hatuna uhuru wa kulijibu tunavyopenda. Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, Mtume (s.a.w.) aliwafanya Waislamu kuwa washirika katika vitu vitatu, na kimoja kati ya hivyo ni maji. Katika hadithi nyingine alionya vikali dhidi ya kujisaidia mahali watu wanapoteka maji, njiani na kivulini. Hakumwambia msafiri asafishe baadaye kwa kadiri atakavyolipwa. Ukiweka hadithi hizi mbili pamoja, umepata ile namba iliyofutwa. Maji ni ya washirika wote, kwa hiyo hakuna anayeanza siku akiwa na haki ya kumwaga asilimia 100 kisha akauza haki hiyo kidogo kidogo kwa majirani zake. Hesabu inaanza kwa mto msafi ulio wa wote, na kila asilimia inayobaki ni deni.

Majalla inaliweka jambo hilo kwa lugha ya kibiashara, katika kanuni ambayo wanafunzi wa sheria ya Kiislamu huikariri kwa Kiarabu: al-ghurmu bil-ghunmi. Maana yake ni kwamba hasara inamfuata anayekula faida. Sheria ya Mazingira ya Uganda ya 1995 nayo, katika kutaja misingi yake, ilitaka gharama kamili na ya kweli ya uchafuzi ibebwe na mchafuzi. Ile ya 2019 iliyochukua nafasi yake haikuliacha wazo hilo. Kwa hiyo Muislamu na raia, katika jambo hili, hawana ugomvi.

Ugomvi uko kwenye mfereji wa Nakivubo.

Wanaosoma Kampala wanaujua. Unapita katikati ya jiji, kando ya soko la Owino, unapokea maji ya barabara, ya magereji, ya viwanda na ya vyoo, unapita Namuwongo ambako watu wamejenga hadi ukingoni, unaingia katika kinamasi, kisha unamwaga katika ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Na katika ghuba hiyohiyo, pale Ggaba, ndipo jiji limekuwa likivuta maji yake ya kunywa kwa karibu karne nzima. Sisi wenyewe tuko juu ya mto na chini ya mto kwa wakati mmoja. Tunachokimwaga asubuhi tunakutana nacho kwenye bomba, baada ya kusafishwa kwa dawa na umeme ambao tumeulipia.

Na nani alikuwa akilipia usafi huo miaka yote? Kwa sehemu, mafunjo. Utafiti wa kiuchumi wa 1999 juu ya kinamasi cha Nakivubo ulikadiria kwamba kazi kinayoifanya ya kuchuja majitaka ina thamani ya kati ya dola za Kimarekani milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Mafunjo hayatumi ankara, na labda ndiyo sababu tukayakata ili kupanda magimbi na kujenga. Kadiri yanavyopungua, gharama inahamia Ggaba, na kutoka Ggaba inahamia kwenye bei ya maji. Jiji limejenga mtambo mpya wa majitaka Bugolobi wenye uwezo wa kusafisha lita milioni 45 kwa siku, na mtambo mwingine wa maji ya kunywa huko Katosi, wilayani Mukono, mbali na ghuba hii, kwa fedha ambazo sehemu yake ni mikopo ya kutoka Ulaya. Mikopo italipwa na wenye kulipa kodi na wenye kulipia maji. Yule mama asiye na bomba nyumbani, anayenunua maji kwa jerikani, analipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye bomba ndani.

Hiyo ndiyo ruzuku ambayo haimo katika kitabu chochote cha bajeti. Tunapobishana kama serikali iwape viwanda ruzuku ya kusafisha au isiwape, tunazungumza kana kwamba leo hakuna ruzuku. Ipo. Kila anayemwaga bila kusafisha anapewa ruzuku na mwenye jerikani, kila siku, bila fomu ya maombi na bila masharti. Katika fomula yetu, yeye amesimama kwenye x = 0, gharama yake ni sifuri, na milioni 1,000 zinalipwa na watu ambao hawakuulizwa.

Hapa huwa nakumbuka ile hadithi ya jahazi, aliyoisimulia Nu'man bin Bashir (r.a.) na kupokewa na Bukhari. Watu walipiga kura, wengine wakakaa juu na wengine chini. Wa chini walikuwa wakipanda kuteka maji na kuwasumbua wa juu, wakafikiri kutoboa sehemu yao wenyewe. Kama wakiachwa wote wanazama, wakizuiwa wote wanaokoka. Mara nyingi tunaisimulia kama hadithi ya kukatazana maovu, na ni sahihi. Lakini angalia kilichowasukuma wale wa chini. Walikuwa na kiu, njia ya maji ilikuwa ndefu, na walitaka wasimuudhi mtu. Mtume (s.a.w.) hakuwafanya wabaya, na bado hakuwaruhusu kutoboa. Anayeisoma vizuri atajiuliza pia kama wale wa juu wasingeweza kuwashushia ndoo.

Hiyo ndoo ndiyo ruzuku ninayoitetea, maana sitaki nieleweke kwamba kila ruzuku ni dhulma. Kampala imejengwa juu ya vilima, na wenye nafasi wamekaa juu. Ni sehemu ndogo tu ya wakazi waliounganishwa na mabomba ya majitaka. Wengi wanatumia vyoo vya shimo, na bondeni, ambako maji yako karibu chini ya ardhi, shimo linajaa haraka na mvua ikinyesha linafurika. Mwenye choo hicho naye ni mchafuzi, kwa hesabu. Fundi wa gereji anayemwaga mafuta machafu mferejini ni mchafuzi. Ukimtoza kila mmoja wao kwa njia ya Pigou, kwa shilingi ileile unayomtoza mwenye kiwanda, umetekeleza fomula na umemfilisi mtu ambaye hakuwa na njia nyingine. Allah (s.w.t.), mwishoni mwa Suratul Baqara, ametuhakikishia kwamba haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake. Jiji nalo lisijipe ukali ambao Mola wetu hakuutaka.

Lakini je, nikisema apewe ruzuku, sijarudi kwenye ile njia ya pili niliyoilaani? La. Tuangalie zaka. Katika aya ya 60 ya Suratut Tawba, mmoja wa wale wanaostahiki zaka ni mwenye deni. Anasaidiwa kulipa. Je, kumsaidia kunamaanisha kwamba deni halikuwa deni lake? Kunamaanisha kinyume chake: anasaidiwa kwa sababu ni lake, na limemshinda. Hakuna mwanazuoni atakayesema mwenye deni alipwe kwa kila shilingi anayoirudisha, abaki na faida, kisha akope tena. Ruzuku ya halali ni ya namna hiyo. Inamtambua mpokeaji kuwa mdaiwa, inatazama uwezo wake, na inakoma deni likiisha. Ruzuku ya pili inamtambua kuwa mwenye mto. Shilingi zinaweza kuwa sawa mkononi, lakini moja imeanza hesabu kutoka upande huu na nyingine kutoka ule, na ndiyo sababu nimeng'ang'ania ile namba isiyobadilika.

Kuna jambo dogo la kihesabu ambalo watunga sera wetu wangefaa kulitazama. Ruzuku ya aina iliyozoeleka ni kuchangia gharama: mwenye machinjio anunue mtambo, serikali imrudishie nusu. Iweke kwenye fomula. Gharama yake inakuwa 5x ÷ (100 − x). Kama hakuna tozo wala kikomo cha sheria kinachotekelezwa, nafuu yake kubwa kuliko zote iko wapi? Kwenye x = 0, kama zamani, kwa sababu nusu ya gharama bado ni gharama, na kutosafisha ni bure. Atanunua mtambo kwa bei nafuu, atapigwa picha siku ya ufunguzi, na ankara ya umeme ikija atauzima. Ruzuku bila hukumu haiusogezi mto. Weka kikomo cha asilimia 90 kinachosimamiwa kweli, na ruzuku ya nusu itamtoa mwenye machinjio madogo kwenye milioni 90 hadi 45, abaki na kazi yake na bei ya nyama isipande ghafla. Hapo kanuni nyingine ya Majalla inafanya kazi, ile inayotaka madhara ya wachache yavumiliwe ili kuzuia madhara ya umma. Wachache wanavumilia kikomo, na umma unawashushia ndoo.

Kusimamia huko kulikuwa na jina katika miji yetu ya zamani. Muhtasib alitembea sokoni akikagua mizani, mikate, nyama na mifereji, na alikuwa na mamlaka ya kumzuia mtu palepale. Leo kazi hiyo iko kwa wakaguzi wa mazingira wa serikali, na ni vijana wetu, wanaomaliza shahada hizihizi, watakaoajiriwa huko. Mkaguzi akipewa bahasha ili aandike 90 mahali pa 40, amefanya nini kihesabu? Amehamisha milioni 500 kwenda kwa watu wa Namuwongo, kwa kalamu moja. Hawatajua ni nani aliyewafanyia hivyo.

Nimesema nilichagua machinjio kwa makusudi. Idul Adh-ha inapofika, misikiti na jumuiya nyingi zinachinja uwanjani, zetu za chuo zikiwemo. Tunahangaika, na tunastahiki sifa, kuhakikisha mnyama ametimiza umri, hana kilema, kisu ni kikali, tasmia imetajwa, na nyama imegawanywa kwa haki. Damu inafuata mteremko mpaka kwenye mtaro wa barabara, na mtaro unajua njia ya kwenda ziwani. Kwa wengi wetu uhalali wa nyama unaishia kwenye shingo ya mnyama. Sisemi nyama inakuwa haramu kwa sababu ya mtaro, na atakayesema hivyo atafute dalili. Nasema kwamba ibada ile ina watu wa chini ya mto, nao wako nje ya orodha ya wanaogawiwa.

Kwa upande wetu, hatuko hata karibu na ule ukuta wa mchoro. Tuko mwanzoni kabisa, pale ambapo asilimia ni za bei rahisi. Shimo lililochimbwa siku moja kabla, mbali na kisima na mtaro, mnyama alazwe ukingoni mwake, samadi ya matumboni ikusanywe kwenye magunia apewe mwenye shamba, udongo urudishwe kabla ya adhuhuri. Kazi ya vijana wanne na majembe mawili. Katika bajeti za Idi ambazo nimepata kuziona kuna kamba, visu, mifuko ya plastiki, usafiri na soda za wachinjaji. Shimo halimo, ingawa ukiligawanya kwa idadi ya ng'ombe gharama yake haifiki bei ya soda hizo.

Wallahu a'lam.